Mwaka wa Ugeni Darasa la Pili

Katika nchi ya Shangweni hakuna mtoto asiyejua kusoma. Jambo hili lilikwishatangazwa redioni na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, na raia wa Shangweni si watu wa kubishana na redio. Kwa hiyo nikiwaambia, wenzangu, kwamba Mwalimu Stamili wa Shule ya Msingi Kwamtama, Wilaya ya Bondeni, alikuwa na darasa la pili ambalo nusu yake haikujua kusoma, msinielewe vibaya. Kosa lilikuwa la watoto wenyewe, ambao hawakuwa wakisikiliza redio.

Katika nusu hiyo alikuwamo Tunu, msichana mpole aliyekuwa akirudia darasa. Bibi yake, Bi Havijawa, ndiye mkaanga vitumbua wa pale njia panda, na ndiye aliyemlea. Mwanzoni mwa mwaka alijikongoja hadi shuleni akaongea na mwalimu kiutu uzima. Magoti yamekwisha, alisema, na moshi umemla macho. Mwaka huu mtoto akijua kusoma ataendelea na shule, yeye bibi atahangaika hivyo hivyo na karai lake. Asipojua, basi, arudi nyumbani ashike upawa, maana dawati halimshibishi mtu. Stamili akamwomba amwachie mtoto mpaka mwaka uishe, na bibi akakubali.

Stamili alifundisha kwa bidii, hilo hata maadui zake walilikubali. Alipaza sauti mpaka ikakauka, alichora mihogo ubaoni, aliimbisha irabu. Watoto waliitikia vizuri mno. Tunu naye aliitikia, kisha akipewa kitabu peke yake anabaki kukitazama tu.

Darasa la jirani lilikuwa la Mwalimu Benadeta, mwanamke asiyejua kupaka neno mafuta. Asubuhi moja watoto wake walikuwa bustanini wakipalilia mchicha, naye akaingia darasani kwa Stamili bila hodi ya maana, akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu, akatulia humo mpaka kengele ikalia. Hakuandika chochote. Walipokutana kwenye mtungi wa maji ndipo alipofungua mdomo.

“Mwenzangu, wewe unafundisha safu ya mbele,” alisema. “Huko nyuma wanakuitikia tu. Na yule Tunu anaangalia mdomo wako, haangalii ubao.”

Stamili alinuna siku nzima. Nani asingenuna? Lakini kesho yake alipofundisha aliwapa watoto mgongo, akaonyesha herufi kwa rula bila kuzitamka, na kweli, Tunu alibaki hana pa kushika. Ndipo alipoanza naye upya. Kila asubuhi kabla ya kengele walikaa kwenye kibaraza, mtoto akichora herufi mchangani kwa kidole na kuisema mwenyewe, mwalimu akiwa kimya. Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini ilifika asubuhi Tunu akachora m, akachora a, akakaa akazitazama, kisha akasema “ma” polepole, akainua uso kwa mshangao, kwa sababu safari hii hakuna aliyemtangulia kusema. Stamili alilazimika kujifanya anafuta vumbi machoni.

Naye akaenda kukaa nyuma ya darasa la Benadeta, akamwambia kwamba anakimbia mno anapofundisha, watoto wanabaki njiani. Benadeta akanuna zamu yake. Wakaendelea hivyo, leo huyu kesho yule, na madarasa yale mawili yakaanza kusoma.

Basi hapo ndipo balaa lilipoingia, wenzangu, na liliingia kwa njia ya sifa.

Mwalimu Mkuu wa Kwamtama aliitwa Mzee Sekibo, mtu mwema, mwoga, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Katika mkutano wa walimu wakuu wilayani, alipoulizwa shule yake ina nini kipya, alikosa la kusema, na kwa kukosa akasema ukweli: kwake walimu wanatembeleana madarasani, na watoto wanasoma. Mheshimiwa Bwana Tindwa, Mkuu wa Elimu wa Wilaya, aliyekuwa akisinzia kwa heshima, akafumbua macho. Bwana Tindwa hakuwa ameingia darasani tangu alipotoka humo akiwa mwanafunzi, na wazo kwamba mtu mzima anaweza kuingia darasani kwa hiari yake lilimtikisa.

“Ndugu zangu,” alisema akisimama, na wote wakasimama, “kuona ni macho. Na macho ni rasilimali. Swali ninalojiuliza, nanyi mjiulize, ni hili: wilaya yetu ina macho mangapi, na yako wapi saa za kazi?”

Hakuna aliyejua. Kwa hiyo ukazaliwa Mpango Kabambe wa Kutembelea Madarasa, ambao kwa kifupi uliitwa Mkakutema, ukapewa ofisi, gari, dereva na wimbo. Watembeleaji walishonewa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye picha ya jicho mgongoni, ili hata wakiondoka waonekane bado wanaona. Yeyote asiye na kizibao alipigwa marufuku kuingia darasa lisilo lake, kwa sababu kutazama ni taaluma.

Aliyekuwa wa kwanza kuonywa kwa kuchungulia bila kibali alikuwa Mwalimu Benadeta.

Ugeni wa kwanza ulifika Kwamtama kabla hata mahindi hayajatoa mbelewele. Ulikuwa ugeni mkubwa, darasa likawa dogo. Mzee Sekibo alikuna kichwa, kisha akaamuru madawati ya nyuma yatolewe nje yaingie viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na ya katikati yatolewe ipite meza ya maji ya chupa. Watoto wa safu za nyuma walipangwa nje juani wawaimbie wageni. Tunu naye angekuwa huko nje, tena ingekuwa heri, kama si Stamili kumng'ang'ania abaki ndani.

Stamili alifundisha sentensi aliyokuwa amefikia siku hiyo, “Mama anamenya muhogo.” Tunu akaitwa ubaoni. Alianza kwa kusita, “Ma... ma...,” akanyamaza, akayatazama maandishi, akajichora kitu mkononi kwa kidole, na mwisho akayatoa maneno yote matatu, moja moja, yeye mwenyewe. Yalikuwa mafanikio ya kweli, nawaapia. Wageni walipiga makofi ya kilo, Bwana Tindwa akatoa leso akajifuta paji la uso, akatamka kwamba amejionea kwa macho yake mtoto akitoka gizani na kuingia nuruni mbele ya chai. Bi Havijawa, aliyekuwa dirishani na beseni la vitumbua vya wageni, alilia machozi.

Stamili alirudi nyumbani usiku ule akiwa na furaha, masikini. Alidhani kesho yake wangeingia herufi t.

Kesho yake kulikuwa na maagizo. Kwa kuwa somo la Kwamtama limefana, wilaya imelitangaza kuwa ndilo somo la kutembelewa, ili watembeleaji walinganishe sawa kwa sawa. Kwa hiyo kila darasa la pili katika Bondeni lijiandae kufundisha “Mama anamenya muhogo” wakati wowote ugeni utakapotokea. Na darasa la Kwamtama, likiwa ndilo chimbuko, lisibadilishe hata chembe. Mtoto aliyesita asite tena palepale aliposita.

“Mzee, yule mtoto alisita kwa sababu alikuwa hajui,” Stamili alimwambia Sekibo. “Sasa anajua. Nataka twende mbele.”

“Tutakwenda, binti yangu. Ugeni ukipita tu.”

Lakini ugeni wa Shangweni haupiti, unapokezana. Wilaya ilipokwisha walikuja wa mkoa kuwatazama wa wilaya wanavyotazama. Wa mkoa walipokwisha wakaja wa wizara, ambao hawakuingia darasani kabisa, walikaa kwenye gari wakiwatazama wa mkoa. Wilaya jirani zikaja kujifunza. Wafadhili wakaja na mashine ya kupiga picha. Na kila ugeni ulitangulizwa na mazoezi, kwa maana Mzee Sekibo hakulala vizuri bila mazoezi.

Mazoezi yale ndiyo yaliyokula asubuhi za Stamili. Hakukuwa tena na kibaraza wala mchanga. Watoto walifundishwa wainue mkono vipi, wacheke lini, wamshangilie mwenzao kwa muda gani. Mvulana mmoja alipewa kazi ya kukosea, akakosea vizuri kiasi kwamba alipandishwa cheo na kuwa mkosaji wa shule nzima. Tunu alibaki na kazi yake ileile ya kuwa mtoto asiyejua kusoma ambaye anakuja kujua. Wiki baada ya wiki alisimama ubaoni akasita, “Ma... ma...,” akajichora mkononi, akanyamaza, wageni wakashika roho, kisha akatiririka. Alikuwa hodari. Hata Stamili, aliyejua, kuna siku alijikuta anashika roho.

Alijua pia jambo jingine, nalo lilimla ndani kwa ndani. Siku moja, wageni wakiwa wanavua viatu kuingia, aliona ubao umefutika nusu, limebaki neno “muhogo” peke yake. Hakupata muda wa kuandika upya. Tunu alisimama, akasita, akasoma sentensi nzima kwenye neno moja, uso wake umeelekea kwa mwalimu. Wageni walipiga makofi ya kilo. Stamili aliangalia macho ya yule mtoto na akaona yamerudi palepale yalipokuwa mwanzoni mwa mwaka, kwenye mdomo wake.

Alikwenda kwa Sekibo. Akasema mbele yake, bila kuzunguka, kwamba Tunu anasahau kusoma. Sekibo alifunga mlango, akamnong'oneza aangalie anachosema: mtoto yule ameonwa akisoma na macho ya wilaya, ya mkoa na ya nchi, sasa yeye Stamili ana macho gani zaidi? Akamkumbusha kwamba amebakiza muda mfupi kustaafu. Alikuwa karibu kulia, na Stamili alimwonea huruma, jambo ambalo baadaye alijilaumu nalo sana.

Akafikiri kumwendea Benadeta. Lakini Benadeta, aliyekuwa amepewa onyo, kisha onyo kali, alikuwa amekwishapewa kizibao na kuchukuliwa na msafara. Wilaya ina busara yake. Siku aliporudi Kwamtama na msafara, alikaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, akatazama somo mpaka mwisho. Alipotakiwa atoe neno alisimama akasema wao kama timu wameona, na walichoona kinaonekana. Stamili alimsubiri kwenye mtungi wa maji. Benadeta alipita akielekea kwenye gari, akapunguza mwendo kidogo.

“Anaangalia mdomo wako,” alisema kwa sauti ya chini, na dereva akapiga honi.

Mwaka ulipokaribia kuisha Bwana Tindwa alitangaza Kilele. Siku hiyo, alisema, hakuna jicho litakalobaki nyumbani: walimu wote wa darasa la pili katika wilaya watavaa vizibao na kutembelea madarasa ya darasa la pili katika wilaya. Tangazo lilipokewa kwa vigelegele. Kuna mwalimu mmoja kijana aliyeuliza ni nani basi atakayekuwa akifundisha, akajibiwa kwamba asilete siasa.

Stamili alipakiwa kwenye lori alfajiri, akateremshwa shule ya mbali asiyoijua. Yeye na wenzake wakakaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe wakatazama ubao, kwa sababu mwalimu wa darasa lile alikuwa amepelekwa kutazama ubao mwingine. Watoto wa pale walikuwa wamezoea. Wakainua mikono, hakuna aliyewachagua, wakaishusha. Kiongozi wa msafara alisema ni darasa tulivu sana.

Yaliyotokea Kwamtama siku hiyo alisimuliwa jioni na Mzee Sekibo, aliyekuwa akimngoja getini, anacheka peke yake.

Bwana Tindwa alikuwa amefika kwa Kilele akiwa na msafara mrefu, akaingia darasa la pili, akakuta hakuna mwalimu. Sekibo alisema aliona kiinua mgongo chake kikipaa. Ndipo Tunu akasimama. Mtoto alikwenda mbele, akachukua rula, akasema kwa sauti ya Stamili kabisa, hata kile kikohozi chake kidogo, “Haya, wapenzi wangu, leo tuna wageni.” Akauliza maswali, watoto wakajibu. Mkosaji akakosea, akamsahihisha kwa upole na kumpapasa kichwa. Akamwita Tunu ubaoni, akaitika yeye mwenyewe, akaenda ubaoni, akasita, “Ma... ma...,” akajichora mkononi, akaisoma. Kisha akageuka akawa mwalimu tena, akajisifu, akaomba apigiwe makofi ya kilo.

“Na ubao, Mzee,” Stamili aliuliza, “uliandikwa nini?”

Sekibo alifikiri. Haukuwa umeandikwa kitu, alisema. Nani angeuandika na walimu hawapo? Lakini hilo hakuna aliyeligundua, kwa sababu mtoto alisoma vizuri mno. Bwana Tindwa alitokwa na machozi hadharani. Alitamka kwamba dunia nzima imekuwa ikitafuta darasa linalojiendesha lenyewe, na limepatikana Bondeni. Akamwita Bi Havijawa kutoka kwenye karai lake, akamshika mkono mbele ya watu, akamwambia kwamba mjukuu wake ndiye msomaji bora wa wilaya, na kwamba mtoto huyu hana anachodaiwa na mwalimu yeyote. Akampiga Tunu picha na kumvisha kizibao, kilichomfikia kwenye vifundo vya miguu.

Jumatatu Tunu hakuja shuleni. Jumanne hakuja.

Stamili alimfuata njia panda. Bi Havijawa alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anapumzika kwa mara ya kwanza tangu Stamili amjue. Kwenye karai alikuwa Tunu, anageuza vitumbua, macho yamemwiva kwa moshi. Stamili alitoa shikamoo, akapokewa kwa heshima na kukaribishwa kitumbua cha moto.

“Nimemfuata mtoto, bibi,” alisema.

“Mtoto kamaliza, mwanangu. Nilisema akijua ataendelea, lakini mkubwa mwenyewe kasema hana anachodaiwa na mwalimu yeyote, basi aendelee na nini tena? Uliniomba nikuachie mpaka mwaka uishe ajue kusoma, umenitimizia. Mungu akulipe.”

“Bibi, Tunu hajui kusoma.”

Bi Havijawa hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayetafuta lilipo kosa.

“Mwaka mzima nimekaa dirishani pale na beseni langu,” alisema. “Mwaka mzima wewe ndiye unayesimama mbele za watu unasema, mnaona, sasa anasoma. Ulikuwa unawadanganya wale wakubwa, au unanidanganya mimi leo?”

Stamili alitaka kusema habari za wageni, za Sekibo na kustaafu kwake, za Kilele. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Akabaki amekishika kitumbua mkononi mpaka kikapoa.

Wilaya ilichapa kitabu cha mafanikio ya Mkakutema, karatasi nzuri, nzito, inayong'aa. Vilichapwa vingi kuliko walimu waliokuwapo, hivyo vilivyobaki viliuzwa kwa kilo, na kwa kuwa karatasi ile haipenyezi mafuta, wafunga vitumbua wa Bondeni waliipenda sana. Stamili alipita njia panda siku moja baada ya shule kufunguliwa. Sasa alikuwa na kizibao chake, gari lilikuwa likimsubiri. Aliomba vitumbua, Tunu akavifunga haraka haraka akampa kwa mikono miwili, akamwamkia vizuri.

Stamili alipokifungua kifurushi aliona kwenye ukurasa ule picha ya Tunu mwenyewe na kizibao kirefu, na chini yake jina lake kwa herufi kubwa, TUNU, lenye doa la mafuta pembeni. Neno fupi. Wangelifikia wiki ileile, kama wangeingia herufi t.

Akageuza karatasi, akamwinamia mtoto.

“Hapa pameandikwa nini, mama?”

Tunu alifuta mikono kwenye kanga. Hakuitazama karatasi hata kidogo. Aliinua macho akayaweka kwenye mdomo wa mwalimu wake, akangoja, na mdomo haukusema kitu. Basi akafanya alivyofundishwa. Akasita.

“Ma... ma...,” akajichora mkononi kwa kidole chenye unga. “Mama anamenya muhogo.”

Watu waliokuwa wakingoja vitumbua wakampigia makofi ya kilo, na dereva naye akapiga, kutoka dirishani mwa gari.